Manchester United Ina Wakaguzi Bukoba na Muleba; Halmashauri Zetu Hazina

Hakuna taasisi inayokaguliwa kwa ukali mkoani Kagera kama Manchester United. Kuanzia Kashai hadi Hamugembe na Rwamishenye mjini Bukoba, na kuanzia stendi ya Muleba hadi Nshamba na Kamachumu, klabu hiyo ina wakaguzi wa hesabu, wachambuzi wa mikakati na mahakimu wa rufaa ambao hawajawahi kudai posho. Wanajua kwamba ilimaliza msimu wa 2024/25 katika nafasi ya 15, ikiwa na pointi 42 na vipigo 18. Wanajua kwamba Ruben Amorim alitoka Sporting ya Lisbon mwezi Novemba 2024, na kwamba mkataba wake ulikuwa ufike mwaka 2027. Wanajua udhaifu wa mabeki wake watatu na upweke wa viungo wake wawili. Wiki zile za Agosti 2025, kabla Arsenal haijakaribishwa Old Trafford Jumapili ya tarehe 17, kijiwe cha kahawa kisichomjadili kocha huyo kilikuwa kijiwe kilichofungwa.

Sasa mwulize mkaguzi huyo huyo maswali mengine. Halmashauri yake ilikusanya kiasi gani katika mwaka wa fedha uliokwisha mwezi Juni? Mkurugenzi wake anaitwa nani, na alikuja lini? Mkutano mkuu wa kijiji chake, ambao sheria inataka uitishwe angalau kila miezi mitatu, ulifanyika lini kwa mara ya mwisho? Diwani anayerudi kuomba kura aliuliza swali gani barazani katika miaka mitano? Mara nyingi utajibiwa kwa kicheko, kisha mtu atauliza kama Arsenal safari hii itaacha kumaliza ya pili.

Mwaka 2025 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Oktoba 29 tuliitwa kupiga kura ya rais, wabunge na madiwani. Ni vizuri tukajiuliza kwa nini watu wenye uwezo mkubwa hivi wa kukagua kazi ya kocha aliyeko Manchester hawaukagui uongozi ulioko umbali wa kutembea kwa miguu.

Dharau ya wasomi haitusaidii

Nianze na kundi langu. Katika mazungumzo ya wasomi na watumishi waandamizi kuna jibu jepesi: vijana wamepumbazwa na mpira. Jibu hilo ni la uvivu, na pia si la kweli. Msikilize kwa makini shabiki anayetetea hoja kwamba kocha hana kosa. Analinganisha vipindi. Anaeleza kwamba tangu Sir Alex Ferguson astaafu mwezi Mei 2013, hadi Agosti 2025 klabu hiyo ilikuwa imekuwa na makocha sita wa kudumu: David Moyes, Louis van Gaal, José Mourinho, Ole Gunnar Solskjær, Erik ten Hag na Ruben Amorim. Anakumbusha kwamba Moyes alipewa mkataba wa miaka sita, akaondolewa kabla msimu wa kwanza haujaisha. Anatenganisha sababu na dalili. Mwenzake akija na hoja pinzani, anadaiwa ushahidi, na asipokuwa nao anazomewa mpaka anyamaze.

Hayo ndiyo tunayojaribu kuyafundisha kwa mihula mizima katika somo la mbinu za utafiti, na wengi wetu hatufanikiwi. Mwendesha bodaboda wa Rwamishenye anayafanya bila mhadhara. Kwa hiyo tatizo letu si upungufu wa akili, wala uhaba wa elimu ya uraia kwa maana ya semina na vipeperushi. Uwezo upo na unafanya kazi kila siku. Swali ni kwa nini umeelekezwa huko.

Nina majibu matatu. Kwanza, huko taarifa zipo. Matokeo, mishahara, mikataba, majeruhi na hata ugomvi wa vyumbani huchapishwa kila siku, na hufika Bumbire kisiwani sawasawa na Bukoba mjini. Pili, huko matokeo yana jedwali. Hakuna msemaji wa klabu anayeweza kuiita nafasi ya 15 kuwa ni mafanikio makubwa ya awamu hii. Tatu, na hili ndilo kubwa, huko hakuna adhabu ya kusema. Ukitamka hadharani kwamba kocha wa Manchester United hafai, hakuna mtu atakayekuita mchochezi. Hakuna atakayeuliza umetumwa na nani. Mtumishi wa umma hakuhamishwa kituo kwa kumkosoa Amorim.

Yageuze hayo matatu, utaiona hali ya halmashauri. Taarifa zipo kwa jina, zimeandikwa kwa lugha ya wahasibu na kubandikwa, kama zimebandikwa, mahali ambapo mwananchi hapiti. Jedwali halipo, kila halmashauri hujipima yenyewe na kujipa maksi. Tena anayeuliza ana gharama ya kulipa. Ndiyo maana nasema ubishi wa mpira wa Uingereza ni mjadala wa hadhara ulio huru kuliko yote tuliyobaki nayo, na uhuru wake umetokana na jambo moja: haumgharimu chochote mtu yeyote mwenye mamlaka juu yetu. Ndiyo sababu hakuna kiongozi anayeuogopa. Wengine huukodishia luninga wakati wa kampeni.

Tunamfukuza kocha, tunamwacha mwenye klabu

Hata huko kwenye mpira, ubishi wetu unaishia njiani. Makocha sita kati ya 2013 na 2025, lakini familia ya Glazer ipo tangu 2005. Iliinunua klabu kwa fedha za mkopo, na sehemu kubwa ya deni hilo ikabebeshwa klabu yenyewe. Maana yake ni kwamba klabu iliyonunuliwa ndiyo iliyogeuzwa kuwa mlipaji wa gharama za kununuliwa kwake. Mwaka 2024 Sir Jim Ratcliffe aliingia kama mwanahisa mdogo akapewa usimamizi wa soka, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kupunguza mamia ya wafanyakazi. Ni lini kijiwe chetu kimemjadili mwenye mali kwa ukali ule ule kinaomjadilia mwajiriwa wake?

Tottenham ni mfano mwingine. Ange Postecoglou aliipa klabu hiyo kombe la Europa kwa kuifunga Manchester United 1-0 mjini Bilbao Mei 21, 2025. Siku 16 baadaye akafukuzwa, kwa kuwa katika ligi alikuwa wa 17. Kijiwe kikagawanyika: alistahili, hakustahili. Wachache waliuliza timu ya namna hiyo ilijengwa na nani, kwa bajeti ya nani, na kwa nini anayepanga bajeti hafukuzwi.

Tabia hii ya kuishia kwa kocha tumeihamishia kwenye siasa bila kujua, au pengine tumeitoa kwenye siasa tukaipeleka kwenye mpira. Mkuu wa mkoa akihamishwa, tunashangilia. Mkurugenzi akitenguliwa usiku, asubuhi tunapongezana kama tuliofunga bao. Hatuulizi aliyemteua alitumia vigezo gani, wala mfumo unaomfanya mkurugenzi awajibike kwa aliye juu yake badala ya baraza la madiwani utabadilika lini. Kuna tofauti moja tu, nayo ni ya kusikitisha: kocha aliyeshindwa huondoka, mtendaji wetu aliyeshindwa mara nyingi huhamishwa, akaanze upya mahali ambapo jedwali lake halijulikani.

Wenye kunufaika na kelele zetu

Ubishi huu una wakulima wake wanaouvuna. Julai 13, 2017, klabu ya Everton ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya, na Wayne Rooney akafunga bao. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini aliyewaleta hakuwa shabiki. Ilikuwa kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa imenunua kifua cha jezi ya Everton mwaka huo huo. Majirani zetu wa Rwanda nao waliandika jina la nchi yao kwenye mkono wa jezi ya Arsenal kuanzia 2018. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipowaka Goma, serikali ya Kongo iliitaka klabu hiyo iachane na mkataba huo. Mwenye kudhani kwamba jezi haina siasa aende Ngara, asimame mpakani, atafakari upya.

Kwa Kagera, mavuno hayo yana jina tunalolijua vizuri. Wazee wa Muleba na Bukoba Vijijini wanajua butura ni nini: mkulima aliyebanwa na ada ya shule au msiba anauza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa bado ua, kwa bei ya kutupa. Mnunuzi anasubiri. Msimu unapofika, mkulima anachuma kahawa ya mtu mwingine katika shamba lake mwenyewe. Serikali imeipiga vita butura kwa miaka mingi, na ni haki yake.

Mkeka ni butura mpya. Kijana anauza leo mapato ambayo hajayapata, kwa ahadi ya mabao ambayo hayajafungwa, na anayenunua ni yule aliyepanga bei. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa butura hujificha vichakani, ilhali mnunuzi wa mkeka ana leseni, ana tangazo la redio katikati ya uchambuzi wa mechi, na anailipa serikali kodi. Kule Uingereza, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana mwaka 2023 kuziondoa kampuni za kamari vifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26. Sisi bado tunamsifu aliyechagua timu kumi na moja akapatia kumi.

Sisemi kijana anayebeti ni mjinga. Kijana huyo anafanya hesabu. Ameona kwamba shamba la baba limegawanywa mpaka limebaki mistari ya migomba, na migomba yenyewe imekuwa ikipigwa na mnyauko tangu ugonjwa huo ulipobainika Muleba mwaka 2006. Ameona kwamba barua za kuomba kazi hazijibiwi. Anajiambia kuwa nafasi yake katika mkeka si mbaya kuliko nafasi yake katika mfumo. Wanaopaswa kulijibu hilo ni wapanga bajeti. Mhubiri hatalimaliza.

Tunachokikumbuka na tunachokisahau

Fainali ile ya Bilbao ilichezwa Mei 21. Fainali ya Moscow, ambayo Manchester United iliifunga Chelsea kwa penalti na John Terry akateleza, nayo ilichezwa Mei 21, mwaka 2008. Kila shabiki wa rika langu anaikumbuka. Lakini Mei 21 ilikuwa tayari ni tarehe yetu. Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikiwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ikiwa imejaza watu kuliko uwezo wake. Wanaokadiriwa kufa wanazidi 800. Karibu kila ukoo wa Buhaya una jina katika orodha hiyo.

Miaka 26 baadaye, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka katika ziwa lile lile, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki, na waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Tulijadili vifaa vya uokoaji kwa wiki chache. Kisha Kombe la Dunia la Qatar likaanza.

Na katika mpira wenyewe, msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka daraja. Ni timu iliyoufanya uwanja wa Kaitaba ujulikane nchi nzima. Ndiyo iliyokwenda Dar es Salaam Mei 2018 na kuifunga Simba siku ya kukabidhiwa ubingwa, mbele ya Rais. Ilishuka wiki zile zile ambazo sisi tulikuwa tukibishana kama Amorim apewe muda. Nani katika vijiwe vyetu aliandika barua? Nani aliitisha kikao? Timu yetu ilikufa tukiwa kwenye msiba wa jirani.

Mashabiki wa kuigwa

Kama ni lazima tuwaige Waingereza, tuwaige katika jambo lenye faida. Aprili 18, 2021, klabu sita kubwa za Uingereza zilitangaza kujiunga na ligi mpya ya matajiri barani Ulaya. Mashabiki wao hawakuishia kubishana. Walitoka barabarani wakasimama nje ya viwanja, wa Chelsea hata wakalizuia basi la timu yao wenyewe. Usiku wa Aprili 20 klabu zote sita zilikuwa zinajitoa. Mei 2, mashabiki wa Manchester United waliingia Old Trafford kumpinga mmiliki, na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Kelele hizo ziligeuka kuwa tume ya mapitio, mapitio yakawa muswada, na Julai 2025 Bunge lao lilikamilisha sheria inayounda msimamizi huru wa soka, mwenye nguvu ya kuzilazimisha klabu ziwasikilize mashabiki.

Shabiki yule tunayevaa jezi yake hana akili kutuzidi. Alichotuzidi ni kwamba alijipanga, akamtambua mwenye mali, akadai sheria.

Wala hatuhitaji kwenda Manchester kujifunza hilo. Mwaka 1924 wazee wetu waliunda Bukoba Bahaya Union. Miaka ya 1930, Clemens Kiiza na wenzake walianzisha chama cha wakulima wenyeji wa kahawa ili wauze zao lao bila kunyonywa, na mwaka 1937 wakulima wa Buhaya walizikataa hadharani kanuni za kahawa za serikali ya kikoloni. Upinzani wao ulizimwa kwa nguvu, lakini ulibaki kuwa sehemu ya historia ya kudai uhuru wa nchi hii. Wazee walibishana na Mwingereza kuhusu kahawa yao. Wajukuu wanabishana kwa niaba ya Mwingereza kuhusu kocha wake. Huo ndio umbali tuliotembea, na tumeutembea kinyumenyume.

Nini kifanyike

Nitaambiwa kwamba mpira ni burudani na watu waachwe wapumzike. Sawa, wapumzike. Sijaomba mtu avue jezi. Nitaambiwa pia kwamba kuuliza mambo ya halmashauri kuna hatari. Hilo silikanushi, nimelitaja mwenyewe hapo juu. Lakini hatari hupungua watu wanapouliza wengi kwa pamoja na kwa mujibu wa sheria, na hukua anapouliza mmoja peke yake. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu ambayo sheria inayaruhusu.

Kwanza, wanafunzi wa Kagera mlioko vyuoni, tengenezeni jedwali. Mkoa una halmashauri nane: Manispaa ya Bukoba, Bukoba Vijijini, Muleba, Karagwe, Kyerwa, Missenyi, Ngara na Biharamulo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kila mwaka na zinasomeka kwenye intaneti. Chukueni hoja za ukaguzi zisizofungwa, makusanyo dhidi ya makisio, na fedha za mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mikopo iliyosimamishwa mwaka 2023 na baadaye kurejeshwa. Zipangeni kwa nafasi, ya kwanza mpaka ya nane, kwa Kiswahili cha kijiweni. Jedwali la kurasa mbili litafanya kazi ambayo semina kumi hazijaifanya.

Pili, wanaharakati, itumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Kikundi cha bodaboda chenye watu arobaini kikisaini barua moja kuuliza kuhusu barabara moja, afisa atakayeipokea ataisoma mara mbili.

Tatu, watumishi wa umma mnaosoma hapa: mnajua kuliko sisi mahali fedha zinapokwama. Sikuombeni mwe mashujaa wala mvujishe siri. Nawaombeni mtimize kilichoandikwa tayari: mapato na matumizi yabandikwe, mikutano ya vijiji iitishwe kwa tarehe, na mwananchi anayeuliza asiitwe adui. Anayehudhuria mkutano na kuuliza ndiye raia mliyeapishwa kumtumikia.

Kampeni zilianza Agosti 28, 2025, ligi ikiwa na wiki mbili tu. Wagombea huja vijiweni wakiwa na skafu za Simba, Yanga, Arsenal na Manchester United, kwa kuwa wanajua mioyo yetu iko wapi. Tuwapokee kwa adabu, tuwapishe kwenye benchi, kisha tuwafanyie kama tunavyomfanyia kocha: tuwaulize walimaliza nafasi ya ngapi, walitumia shilingi ngapi, na kwa nini tuwaongezee mkataba.